Spika za Mama katika Chumba cha Mraba

3 Machi

Mwanangu Masikio,

Spika zako zimefika salama. Mwenye lori alizishusha barazani akamuuliza dada yako kama tumeanza kufuga nyuki, maana aliona ni mizinga. Nikamwambia hiyo ni kazi ya mikono ya kitinda mimba wangu, na mbao zimepigwa randa mpaka mtu anaweza kujitazama humo akachana nywele. Ahsante, baba. Nilizigusa nikajua ulikesha.

Nakuandikia kwa sababu mimi na simu hatuelewani siku hizi, na tena mambo ya spika yanataka mchoro.

Sasa usinune. Muziki hautoki vizuri. Jana niliweka ile rekodi ya kwaya yetu uliyotusafishia kelele. Unajua nilivyokuwa nikiwapanga: sauti ya kwanza kushoto kwangu, kisha ya pili, kisha ya tatu, na wanaume wa sauti ya nne kulia kabisa. Humu chumbani sauti ya nne wamejazana nyuma ya kabati, wananguruma kama wamemeza mawe. Sauti ya kwanza wametoka nje kabisa, wanaimbia barabarani. Miaka ishirini na sita niliongoza kwaya, sijawahi kuuliza watu wangu wamesimama wapi. Jana niliuliza.

Chumba chenyewe hujakiona, basi nikueleze. Ni cha mraba, hatua saba kwenda na saba kurudi. Sakafu ni vigae, kuta ni za lipu laini. Dirisha liko kushoto, mlango kulia, kitanda kimeegemea ukuta wa nyuma. Aliyezipanga spika ni mume wa dada yako. Unamjua yule mwashi: maneno anayapima kama saruji. Miezi miwili niko kwake na bado hatujamaliza salamu. Alizibana kila moja kwenye kona yake, akaweka pima maji juu kuhakikisha hazijainama, akasema, "Tayari, Mama," akatoka. Kwa siri mimi namwita Bwana Kimya.

Dada yako yuko zamu hospitali, hana nafasi. Nifanye nini?

Mama yako


11 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu karakana nzima ikanitazama. Hao wa sauti ya nne waliojificha kabatini tutawatoa.

Kwanza, kona ni adui. Spika ikibanwa konani, sauti nzito hurundikana huko na kunguruma. Zivutwe mbele, mkono mzima kutoka ukutani, na zisogezwe mbali na kuta za pembeni. Pili, wewe na spika mbili muwe pembetatu: umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali wa kila spika hadi kwenye kiti chako. Zigeuzwe kidogo zikutazame, kama watu wanaokusikiliza. Zile ndogo za juu ndizo zinazotoa sauti nyembamba, nazo ziwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa. Tandika zulia mbele ya kiti. Mchoro uko chini.

Lakini sitakuficha, Mama. Kosa kubwa si la spika, ni la chumba. Chumba chenye urefu sawa na upana hakifai kwa muziki. Sauti ikigonga ukuta huu na ule inarudi kwa kipimo kilekile, zinakutana katikati, nyingine zinavimba, nyingine zinamezwa. Simama katikati upige kofi moja, utasikia ukuta unakujibu. Aliyejenga hivyo alifikiria tofali tu, hakumfikiria mtu atakayekaa ndani.

Ningekuja kuzipanga mwenyewe, ila kazi zimenibana hadi shingoni. Vumilia.

Mwanao


24 Machi

Masikio,

Umeniharibia nyumba.

Sikuelewa mchoro wako, mishale mingi. Nikampelekea Bwana Kimya barua nzima aniangalizie. Ile sentensi yako kuhusu mjenzi niliikumbuka wakati macho yake yameshaifikia. Alisoma mpaka chini, akaikunja pale pale ilipokuwa imekunjwa, akanirudishia kwa mikono miwili. "Nimeelewa, Mama." Kisha akavuta spika mbele kama ulivyoagiza, akapima pembetatu kwa kamba, hakukosea hata nusu ya kidole. Sasa naingia chumbani kwangu ubavu ubavu kama kaa. Lakini tangu siku ile hajakanyaga humu. Siku tisa. Chakula anakula kazini.

Nilimuuliza dada yako. Akavua viatu vyake vya kazi, akakaa kitandani kwangu, akaniambia nisiyoyajua. Miaka minne iliyopita, ile wiki niliyolazwa na homa, mumewe alichukua ufunguo wangu akaenda nyumbani kwangu na futi ya kupimia. Alipima chumba changu cha zamani ukuta kwa ukuta: mlango ulipo, dirisha lilipo, hata kitasa kiko juu kiasi gani. Alimwambia dada yako kwamba mtu mzima akihama, miguu yake huendelea kutafuta njia ya zamani, na akiikosa ndipo huanguka. Akaanza kujenga. Jumamosi na Jumapili tu, maana siku nyingine anajengea watu. Miaka yote hiyo mimi nikisema sihami, sihami, yeye anapandisha kozi moja ya tofali, anasubiri.

Chumba ni mraba kwa sababu changu kilikuwa mraba. Na kweli, tangu nifike sijajikwaa hata mara moja. Nilidhani ni uzuri wa miguu yangu.

Nawe unasema hakumfikiria mtu atakayekaa ndani. Kalamu unayo, na karatasi unayo. Jua la kufanya.

Mama yako


1 Aprili

Shemeji,

Salamu. Hii ni yako peke yako, wala simwandikii Mama.

Niliandika maneno ya mtu anayejiona fundi kuliko wenzake. Sikukijua chumba wala sababu yake, na sikuuliza. Nimetengeneza spika nyingi, lakini sijawahi kupima urefu wa kitasa kwa ajili ya mtu. Nimekosa. Nakuomba radhi.

Lile la kuta kurudisha sauti ni kweli, lakini si aibu ya mjenzi; nusu ya vyumba duniani viko hivyo, na dawa yake ni zulia, pazia zito na rafu ya vitabu. Usibomoe kitu. Usihangaike.

Shemeji yako


9 Aprili

Shemeji,

Salamu. Barua yako nimeipata. Yameisha.

Nilipiga kofi katikati ya chumba. Ukuta ulijibu kama ulivyosema. Kwa hiyo nimejenga rafu ya tofali kwenye ukuta wa nyuma, juu ya kitanda na pembeni yake. Tofali nimezipishanisha, moja ndani, moja nje, ili sauti ikija isirudi pamoja. Sijui kama ndivyo inavyofanywa. Kona mbili za mbele nimezikata kwa ukuta mdogo wa mshazari. Lipu nimeiacha ya kukwaruza.

Nimepiga kofi tena. Sasa ukuta hausemi.

Kutoka kitandani hadi mlangoni bado ni hatua saba. Nilihesabu.

Shemeji yako


12 Aprili

Mwanangu Masikio,

Sijui ulimwandikia nini Bwana Kimya, na sitauliza. Alirudi na toroli la tofali, akaniambia nikae sebuleni siku tatu. Nilikaa. Vumbi lilikuwa hadi kwenye sukari.

Halafu tukafanya ile ya kioo uliyomwelekeza dada yako kwenye simu. Mimi kwenye kiti, mumewe anatembeza kioo chake cha kunyolea ndevu ukutani, pole pole, nami namwambia asimame nikiiona spika humo ndani, ili tuangike kitambaa hapo. Mara ya tatu nikamwambia siioni spika, namwona mama mkwe wa mtu amevaa miwani. Akacheka. Sikujua ana mwanya.

Sauti ya nne wametoka kabatini. Wamesimama mlangoni, wametulia, kila mtu na kofia yake mkononi. Sauti ya tatu nawapata. Lakini kushoto bado, baba. Sauti ya kwanza nawasikia kwa mbali kama watu walio chini ya blanketi. Ile spika ya kushoto ina kasoro. Usione aibu, hata mpishi mzuri huunguza. Nitengenezee nyingine ya kushoto tu.

Mama yako


2 Mei

Shemeji,

Salamu. Nakuandikia jambo ambalo si langu kulisema. Nimekaa nalo wiki moja.

Ulituagiza kabla hujatengeneza spika mpya tuzihamishe, ya kushoto ije kulia. Ulisema udhaifu ukihama ni spika, ukibaki ni chumba. Tulihamisha. Haukuhama. Mama alisema ni dirisha, kioo kinameza. Nikaweka pazia zito. Haukuhama. Nikaegemeza godoro la wageni dirishani. Haukuhama.

Sisi waashi, ukuta ukionekana umeinama na wewe unajua hujaujenga umeinama, hubomoi. Kwanza unageuza pima maji, kichwa kiende mkiani. Kosa likigeuka nalo, ukuta ni mzima. Kosa ni la pima maji.

Jumapili nilimwomba Mama tujaribu kugeuza kiti, azipe spika mgongo. Nilimwambia ni kwa ajili ya ile rafu. Akageuka. Nikaweka rekodi. Nikamuuliza, upande gani ni dhaifu? Akanyoosha mkono wa kushoto. Ilikuwa ile spika iliyokuwa nzuri.

Alikaa na ule mkono hewani kidogo. Kisha akaushusha. Alijua kwamba nimejua. Nilizima nikamwambia nitakwenda kuchanganya udongo, ingawa sikuwa na kazi ya udongo siku ile.

Baada ya hapo nikakumbuka. Mezani hukaa mwisho wa kushoto, sote tuwe kulia kwake. Nikimsalimu nikiwa upande wa dirisha haitiki. Miezi minne nilidhani hanipendi.

Mke wangu sijamwambia. Wewe ni mwanawe. Nifanye nini?

Shemeji yako


10 Mei

Mama mpenzi,

Shikamoo. Spika ya kushoto sitatengeneza nyingine. Hiyo uliyonayo ni nzima, nawe unajua kwamba ni nzima.

Shemeji ameniandikia. Usimkasirikie, ameandika kama mtu anayebeba yai. Hata dada hajaambiwa. Nimesoma barua yake mara nne, kisha nikatoka nikatembea mpaka soko likafungwa. Mimi ndiye uliyenipa jina la Masikio kwa sababu nilisikia mvua kabla ya kuku. Nimekupigia simu kila wiki nikidhani unakatisha mazungumzo kwa sababu umechoka nami. Sikusikia chochote.

Kwa kuwa mambo yamefunguliwa, na langu nilifungue. Nilikuambia kazi zimenibana. Si kweli, kazi ni chache. Ulipokubali hatimaye kuhama, nilitaka uje kwangu, mimi kitinda mimba. Lakini ninaishi chumba kimoja, Mama, kitanda kinagusa jiko. Sikuthubutu hata kukualika ukatae. Dada akakuchukua, na mumewe alikuwa na chumba tayari. Nilikutengenezea spika kwa sababu sikuwa na chumba. Nilipoandika kwamba aliyejenga hakukufikiria, nilikuwa na wivu kwa mtu ambaye nilimjua kwa salamu tu.

Basi niambie. Tangu lini? Na kwa nini ulikaa nalo peke yako?

Mwanao


30 Mei

Mwanangu,

Tangu ile homa. Nililala hospitali na masikio mawili, nikaamka na moja. Daktari alisema mshipa umekufa, la kulia ni zima. Nikamwomba asiwaambie watoto. Alikuwa kijana, alinihofu.

Kwa nini? Keti nikuambie. Siku niliyorudi kwenye kwaya niliinua mikono, wakaanza, na upande wangu wa kushoto watu kumi na wawili walikuwa wanafungua midomo tu. Nikaongoza wimbo mzima kwa kutazama midomo. Hakuna aliyejua. Nikawaambia nastaafu kwa ajili ya magoti. Wakanifanyia sherehe, wakanipa mkongojo mzuri wa kuchonga. Magoti yangu hayana kosa lolote; ule mkongojo nautumia kufukuzia paka. Nilijiambia, wakijua, nitakuwa yule bibi anayepigiwa kelele kila akiulizwa kitu. Nanyi watoto mngeanza kuniongoza kwa mkono. Kwa hiyo nikakaa nalo, na jambo ukikaa nalo miaka minne linakuwa kama mpangaji asiyelipa: unamchukia, lakini umemzoea. Spika zako zilipofika nilifurahi sana, nikadhani labda kwa sauti kubwa ya namna ile nitawapata tena. Nilipowakosa, ilikuwa rahisi kulaumu kabati.

Barua yako niliisoma asubuhi. Jioni, wote wakiwa mezani, nikasema. Dada yako aliweka kijiko chini akanigombeza kama mimi ndiye mtoto, kisha akalia, kisha akanipeleka kwa daktari wa masikio kesho yake. Amesema yaleyale ya miaka minne iliyopita. La kulia ni zima, nilitunze.

Mkwe wangu alihamia kiti kilicho jirani na mkono wangu wa kulia, akajipakulia.

Jumamosi nilimwita chumbani. Nikamwambia leo akae yeye kwenye kiti changu, pale kwenye ncha ya pembetatu. Alikataa, nikamwambia ni amri ya mama mkwe. Akakaa na suruali yake ya kazi, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Mimi nikavuta stuli nikakaa kushoto kwake. Nikaweka rekodi, nikamwambia afumbe macho aniambie kila mtu kasimama wapi.

Ubeti wa kwanza ukapita, nikadhani amelala. Kisha akainua kidole. "Wanawake wenye sauti nyembamba wako pale, mbele ya pazia. Ni wengi, kama kumi." Akasogeza kidole. "Wanaume wako mlangoni. Na hapa katikati, Mama, kuna mwanamke mmoja anavuta pumzi kabla ya wenzake. Kila mara. Huyu hapa tena."

Mwanangu, yule mwanamke niligombana naye miaka kumi na moja kwa ajili ya ile pumzi. Hakuna msikilizaji aliyewahi kuisikia. Nilidhani ni mimi peke yangu duniani. Nikamuuliza mkwe wangu kama ana uhakika, akasema ana uhakika kama alivyo na uhakika wa msingi wa nyumba hii. Nikalia kidogo, yeye akiwa bado amefumba macho, na nina hakika alijua, maana hakuyafumbua mpaka nilipomaliza.

Tangu siku hiyo tunasikiliza kila Jumamosi. Yeye anakaa, ananiambia wanapoingia na wanapochelewa, nami namwambia majina yao na makosa yao na nani aliolewa na nani. Jana dada yako aliporudi kazini alitukuta tunabishana kwa nguvu hata akaogopa. Akauliza kuna nini. Mumewe akamwambia, "Mama anasema sauti ya tatu walishuka mapema. Hawakushuka." Ni maneno mengi kuliko aliyowahi kunipa mwezi mzima wa Machi, na yote ya kunipinga.

Hawakushuka, kweli. Ila sijamwambia bado.

Kuhusu chumba chako kimoja: ungekuwa na kumi nisingekuja. Nilikataa kuhama kwa kila mtu, si kwako tu, na nilihamia huku kwa sababu nilichoka kukataa. Huna deni. Lakini uongo wa kazi kukubana sitaki kuusikia tena. Wangu umetosha ukoo mzima.

Njoo. Mkwe wangu anasema spika ya kulia bado inataka kusogezwa upana wa vidole viwili, na hataki kuigusa mpaka uwepo. Mimi nimemwambia vidole vitatu.

Mama yako